UKURASA WA MSAFIRI: Dakika 20 za Dar es Salaam na Unguja



Ndugu wasomaji, mwezi huu tuzungumzie kipande cha mwisho cha safari ya nyumbani, ambacho wengi wetu hukidharau.

Kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi ule wa Unguja ni kiasi cha kilomita 73 kwa mstari ulionyooka, karibu sawa na kutoka hapa Birmingham mpaka Nottingham. Ndege hukaa angani dakika 20 hivi. Mtu aliyekwisha kuvuka zaidi ya kilomita 7,500 huona hapo amekwisha kufika.

Mimi nami niliona hivyo. Mama yangu alipofariki mwaka 2022, niliwaambia jamaa kwa simu: "Nisubirini. Natua Dar saa 9 na nusu. Unguja ni dakika 20 tu, alasiri nitakuwa nanyi." Wakanisubiri. Viza na mizigo vilinichukua zaidi ya saa nzima, ndege niliyoikusudia ikaondoka, nikapata nafasi katika nyingine karibu na magharibi. Nilibisha hodi nyumbani saa 1 na nusu usiku, nikakuta watu wamekwisha rudi makaburini na majamvi ya tanga yametandikwa. Zile dakika 20 zilikuwa saa 4. Simlaumu mtu, hesabu yangu ndiyo iliyokuwa mbovu. Linaloniuma si kulikosa jeneza, bali kwamba marehemu alicheleweshwa tangu asubuhi kwa ajili ya ahadi yangu.

Basi yafaa tuyazingatie haya:

1. Hesabu saa tangu kutua hadi mlangoni, wala si muda wa angani. Ndege kubwa za nje hutua Jengo la 3, lililofunguliwa mwaka 2019, na ndege ndogo za Unguja huondoka Jengo la 1. Baina yake huna budi kupanda gari. Ndege hizo ndogo mara nyingi huruhusu kilo 15 tu za mzigo.

2. Boti za kasi huchukua kiasi cha saa 2 na hushusha Malindi, mjini penyewe. Lakini bandari ya Dar iko mbali na uwanja wa ndege, na msongamano wa magari hautabiriki.

3. Mwenye pasi ya Uingereza aombe viza kwa intaneti kabla ya kuondoka. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Zanzibar inawataka wageni wakate bima yake, nayo ilipangiwa dola 44 kwa mtu mzima. Mkaguzi hakuulizi kama ulizaliwa Ng'ambo au Mji Mkongwe, huitazama pasi. Nayo hukaguliwa tena ukifika Unguja.

4. Ukiwa unaendea msiba, usiwaambie jamaa wakungoje. Waambie wazike, nawe utakwenda kuzuru kaburi. Maiti kuharakishwa ni haki yake, na dua haina haja ya ndege.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, na awafikishe salama wasafiri wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.