Tabu si “taboo”, bosi wangu!

Leo nataka tuongee habari ya majina. Usigune! Najua umezoea nikikupa mambo ya mapenzi, lakini hata mapenzi huanza kwa kuulizana jina.

Mimi naitwa Tabu. Shule ya msingi wenzangu walinila nyama kwa hilo jina. Nikichelewa namba: “Tabu imeingia!” Nikifeli hesabu: “Tabu tupu!” Nikazoea. Sikujua kuwa tabu yenyewe ilikuwa inanisubiri ukubwani, tena kwa Kizungu.

Mwaka 2016, kabla sijaanza kuandika safu hii, nilipata kazi mapokezi katika hoteli moja hapa mjini. Nimevaa sketi nyeusi, blauzi nyeupe, beji kifuani, mtoto natoka bomba. Basi bwana, akaja mgeni mmoja kutoka Uingereza. Akasoma beji, akacheka mpaka akashika kaunta. Akaniuliza kwa Kiingereza chao cha puani: eti “taboo”? Umefanya dhambi gani dada, mpaka wazazi wakakuita mwiko?

Nikacheka na mimi. Ungefanyaje? Mgeni ndiye mshahara.

Bosi alikuwa amesimama pembeni, kasikia kila kitu. Jioni akaniita ofisini. “Kuanzia Jumatatu utakuwa Tina. Beji mpya inachapwa. Jina lako linatuchafulia biashara.” Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki tatu. Nilijua maana yake, na wewe unaijua.

Nikaenda Tandika kwa mama. Nikamwambia kama utani vile: “Mama, nimepata jina jipya, naitwa Tina.” Alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

“Mwanangu, mimi nilikaa leba siku mbili. Mkunga alishakata tamaa, baba yako alishaanza kuulizia sanda. Nilipokusikia unalia nikasema huyu ni Tabu, maana tabu imekwisha. Hilo jina si lako peke yako. Hiyo ndiyo risiti yangu.”

We acha tu! Nilikosa pa kuweka uso.

Kumbe jirani yetu, babu mmoja fundi wa mashairi, alikuwa barazani anasikiliza. Akaniita. “Njoo hapa mjukuu wangu. Hebu litamke jina lako.” Nikatamka. “Sasa litamke kama huyo Mzungu wako.” Nikatamka. “Umesikia? Wewe unakaza TA, yeye anakaza BU. Kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Hilo analocheka si jina lako, ni lake mwenyewe.”

Akaendelea kunipa darasa. Kwetu sisi, kina ni silabi ya mwisho, basi. Tabu ana ndugu tele: babu, jibu, adabu, sababu, thawabu. Kwa Waingereza, maneno mawili hayawi na kina kimoja mpaka yafanane kuanzia pale sauti inapokazwa hadi mwisho. Ndiyo maana “taboo” inakaa vizuri na “bamboo” na “shampoo”, zote zinakazwa mwishoni. Tabu yangu haiingii humo hata kwa rushwa.

Jumatatu nikaingia na beji ileile. Miguu inatetemeka, si uongo. Nikamwambia bosi: “Samahani mzee, wageni nitawafundisha kulitamka. Ila Tina simjui.” Akanitazama kitambo, akasema sawa, lakini nihamie zamu ya usiku, huko wageni ni wachache. Nikapiga usiku miezi mitatu, macho mekundu kama mvuvi. Mkataba aliongeza, lakini usingizi hakunirudishia.

Nikatumia usiku huo kusoma kamusi. Hapo ndipo nilipochoka kabisa! “Taboo” yenyewe hata si ya Waingereza. Kapteni James Cook aliichukua visiwa vya Tonga mwaka 1777. Kule maana yake ilikuwa kitu kilichotengwa kisiguswe, iwe kwa ajili ya utakatifu au makatazo. Tabu yetu imetoka kwenye Kiarabu, maana yake uchovu na mashaka. Maneno mawili yamekutana njiani kama abiria wa daladala: kiti kimoja, vituo tofauti.

Na si mimi peke yangu. Rafiki yangu Tatu wanamsikia “tattoo”, yaani chale za wino, nalo ni neno la visiwa hivyohivyo vya Pasifiki. Shida wanamsikia “cheetah”, duma, neno walilolitoa India. Siti wanamsikia mji mzima, wakati jina lake maana yake ni bibi mwenye heshima. Sasa jiulize: wao maneno wameazima dunia nzima na hawaoni haya, wewe jina lako mwenyewe unalionea haya ya nini?

Mkumbuke Tabu Ley wa Kongo, aliyefariki mwaka 2013. Alipopiga muziki ukumbi wa Olympia, Paris, mwaka 1970, watu walimjua kwa jina la Rochereau. Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kizungu miaka ile ya 1970, yeye akasimama na Tabu Ley. Mashabiki wakaendelea kucheza rumba yake, hakuna aliyeuliza ni mwiko gani.

Msomaji wangu, simsemi aliyebadili jina kwa hiari yake. Kama Tina unalipenda, ni lako, jiachie. Nasema tu kabla hujakubali beji mpya, pita kwanza nyumbani uulize ile ya zamani ilinunuliwa kwa bei gani.

Beji ile ninayo mpaka leo. Pini imepata kutu, jina linasomeka. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Na ukiniona mtaani niite Tabu, ukaze TA!