Tuchunguze miongozo ya mazoezi kabla ya kuwapa wanafunzi

Ni nadra siku hizi kukuta kundi la wanafunzi wanaojifunza karate, judo au taekwondo bila mmoja wao kuwa na orodha ya mazoezi ya kujenga nguvu. Orodha hizo hutoka vitabuni, majaridani na mtandaoni, hunakiliwa kwa mkono au kwa mashine, kisha hupita kutoka bweni hadi bweni kama maswali ya mtihani wa majaribio. Nimeonyeshwa nyingi, na swali ninaloulizwa ni lile lile: je, hii ni nzuri? Nami hujibu kwa swali: iliandikiwa nani?

Huo si ukaidi wa mhadhiri. Katika isimu twafundisha kwamba kila matini ina msomaji iliyemkusudia, na kwamba mengi ya maana hayasemwi kwa sababu mwandishi anayachukulia kuwa yanajulikana. Mwongozo unapoamuru "chuchumaa na chuma mabegani mara 5", hausemi kwamba yupo mtu wa kukipokea chuma hicho ukishindwa kuinuka, wala kwamba msomaji amekula akashiba, wala kwamba hana kazi nyingine inayomchosha wiki hiyo. Mwanafunzi wetu wa bweni la kwanza hana, la pili ni la bahati, na la tatu si kweli hata kidogo. Jioni 3 kwa wiki yuko ukumbini akirusha mateke, na alfajiri za siku nyingine anakimbizwa uwanjani. Akiongezewa siku 4 za vyuma, magoti yake yatapumzika lini?

Chukua kanuni ya mikupuo 3 ya marudio 10, ambayo karibu kila orodha huirudia kana kwamba iliteremshwa kutoka mbinguni. Asili yake ni hospitalini. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, alikuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwaka 1948, yeye na mwenzake Watkins walieleza utaratibu huu: mkupuo wa kwanza kwa nusu ya uzani ambao mgonjwa aliweza kuuinua mara 10, wa pili kwa robo tatu, wa tatu kwa uzani kamili. Kiini cha utaratibu huo kilikuwa uzani uliopimwa kwa mtu mmoja mmoja na kuongezwa kadiri alivyopata nguvu. Wanakili wetu wamehifadhi tarakimu, wakakiacha kipimo.

Orodha inayopendwa kuliko zote ni ile inayodaiwa kuwa ya Bruce Lee. Ni kweli kwamba maandishi yake kuhusu mazoezi yapo, na John Little aliyakusanya katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1998. Lakini mengi ya maandishi hayo ni kumbukumbu ambazo mtu alijiandikia mwenyewe, na matini ya namna hiyo huwa karibu na shajara kuliko mwongozo. Aliyeiandika alijua jana alifanya nini na kesho atafanya nini, sisi hatujui. Isitoshe, mwaka 1970 Lee huyo huyo aliumia vibaya mgongoni katika zoezi la kuinama mbele akiwa na chuma kizito mabegani. Alikaa miezi kadhaa bila mazoezi, na mgongo ukaendelea kumsumbua hadi alipofariki mwaka 1973. Ikiwa bingwa wa kujichunguza kama yeye aliweza kuumizwa na ratiba aliyojitungia, sembuse kijana wa kidato cha pili anayeifuata kwa kuisoma tu?

Wapo walimu wa karate watakaosema kwamba dawa ni kuachana na mazoezi haya kabisa, kwani sanaa za kujihami ni ufundi, si mabavu. Siwaungi mkono. Huko Okinawa, chimbuko la karate, mazoezi ya ziada ya nguvu yana jina lake, hojo undo, na yana vyombo vyake. Katika Goju-ryu, mtindo ulioasisiwa na Miyagi Chojun, mwanafunzi hushika mitungi kwa vidole kwenye mdomo wake na kutembea nayo, na mchanga huongezwa mtungini kidogo kidogo. Mkono wa mwalimu uliokuwa ukiongeza mchanga ndio ambao mwongozo wa karatasi hauna budi kuujazia pengo.

Wala si kweli, kama wanavyohofia wazazi, kwamba mazoezi ya nguvu yenyewe humdumaza kijana. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2020, linawataka watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye shughuli za kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki.

Basi mtu achague vipi? Mimi hutazama kwanza kama mwandishi ametaja siku za mapumziko, na kama ameeleza ni lini uzani uongezwe na ni lini usiongezwe. Bila hayo, kilicho mbele yangu ni orodha tu. Kisha hutazama kama mazoezi hayo yanampa mwanafunzi asichokipata ukumbini. Mwanakarate husukuma sana na kuvuta kidogo. Mwongozo unaomrundikia pushapu 100 na kusahau kujivuta kwenye chuma unamrudishia kile alicho nacho.

Vitabu vizuri vipo. Starting Strength cha Mark Rippetoe, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2005, hutumia kurasa nyingi kueleza zoezi moja la kuchuchumaa, na hiyo ni sifa kubwa. Lakini kinahitaji vyuma halisi, si mikebe ya saruji, na kinamtaka mwanagenzi aongeze uzani karibu kila kipindi, mara 3 kwa wiki. Juu ya jioni 3 za karate, mzigo huo ni mzito mno; afadhali vipindi 2, na kuongeza polepole. The Naked Warrior cha Pavel Tsatsouline hakihitaji chuma chochote, kwani kimejengwa juu ya mazoezi 2: kuchuchumaa kwa mguu mmoja na pushapu ya mkono mmoja. Hapo mfuko umenusurika, ila goti lililokwisha kuchoka kwa mateke si lazima linusurike. Mwanafunzi wa kwanza kabisa na achuchumae kwa miguu yote miwili, bila uzani, hadi mwalimu aridhike na mgongo wake.

Kuna jambo jingine ambalo, nakiri, hunikera zaidi kama mtu wa lugha. Miongozo mingi huandikwa kwa sauti ya afande: maliza, usilie, maumivu ni udhaifu. Wanafunzi wetu wameizoea sauti hiyo, kwa sababu tangu viboko vipigwe marufuku shuleni mwaka 2001, kichura na pushapu zingali zinatumika hapa na pale kama adhabu. Mtoto aliyefunzwa kwamba zoezi ni adhabu hawezi kutofautisha uchovu wa kawaida na goti linaloumia. Atanyamaza na kuendelea.

Kwa hiyo natoa rai kwa walimu wa michezo na wa Kiswahili waketi pamoja jioni 2 tu, waandike kurasa 2 za kubandikwa ukutani. Istilahi zipo: mkupuo, marudio, uzani, kuchuchumaa, kujivuta, kupasha mwili moto, kupumzika. Mstari wa kwanza ueleze maumivu ya aina gani yanamtaka mwanafunzi aache zoezi papo hapo, na amwambie nani.