Mpelelezi Ndani ya Kompyuta ya Ofisi

Mtu anunuapo kompyuta mpya huamini kwamba amenunua chombo kitakachomtumikia yeye peke yake. Imani hiyo ilipata pigo mwezi Februari, 2015, ilipofichuka kwamba kampuni ya Lenovo imekuwa ikiuza kompyuta za mkononi zilizotiwa kiwandani programu ya matangazo iitwayo Superfish. Programu hiyo ilikaa katikati ya mtumiaji na intaneti, mfano wa tarishi afunguaye barua kabla ya kuzifikisha. Hata mawasiliano ya benki, ambayo husafiri yakiwa yamefungwa kwa siri, iliyafungua ili ipate kupenyeza matangazo yake. Isitoshe, ufunguo uliotumika ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote, hivyo mwizi aliyeupata angeweza kujifanya benki mbele ya yeyote kati ya wanunuzi hao. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 3.5 ili kumaliza madai ya majimbo 32 ya Marekani.

Ikiwa mpelelezi aliweza kupita mlango wa mbele, tena kwa mkono wa muuzaji, basi dirishani hapati taabu. Katika ofisi na shule nyingi hapa nchini Tanzania dirisha hilo li wazi. Mtumishi hutafuta programu ya bure ya kugeuza waraka, hubonyeza neno la kukubali bila kusoma, na pamoja na alichokitaka huingia asichokitaka. Mwingine huazima flashi yenye programu iliyovunjwa kufuli, akidhani amekwepa gharama.

Inayorusha matangazo walau hupiga kelele, ikajulikana. Hatari zaidi ni ile inyamazayo, ikarekodi kila herufi ipigwayo, nywila zikiwamo, na kuzipeleka kwa watu wasiojulikana.

Wapo wasemao kwamba hawana siri, basi na wapelelezwe. Kauli hiyo yashangaza itokapo kwa mwalimu aliyehifadhi alama za wanafunzi, au kwa karani mwenye majalada ya mishahara na magonjwa ya watu. Siri hizo si mali yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka azishikaye azilinde.

Kinga yenyewe haihitaji fedha nyingi. Kompyuta za Windows za siku hizi huja na mlinzi wake, naye asizimwe kwa sababu ya kumpisha mgeni. Masahihisho ya programu yapokelewe yanapotolewa. Kazi za kila siku zifanywe kwa akaunti isiyo na mamlaka ya kuingiza programu, mamlaka hayo yabaki kwa fundi. Kisichotumika kiondolewe, hata kama kilitoka kiwandani. Na kompyuta ya umma ipelekwayo nyumbani mwisho wa juma wasiachiwe watoto wapakulie michezo.