Mjomba akatwe kibofu au asikatwe?

Huku Tunduma tunadunda, malori yamepanga foleni kuvuka kwenda Nakonde kama kawaida na vumbi letu liko palepale. Wiki hii mambo ya mapenzi tuyaweke kando kidogo, maana kwetu kuna kasheshe.

Mjomba wangu, dereva wa malori ya Zambia miaka mingi na mvutaji sigara asiye na utani, alianza kukojoa damu. Haimuumi. Inatoka siku mbili, inapotea wiki tatu, basi yeye anasema imepona. Si mnawajua wanaume! Ugonjwa wa chini ni siri, mtu anaogopa kuambiwa kaokota kitu njiani. Zahanati moja ikampa vidonge vya U.T.I. mara tatu bila kumpima zaidi. Kumbe kwa mtu mzima damu isiyouma ndiyo ya kuogopa, maana mara nyingi kansa ya kibofu hubisha hodi hivyo.

Wapo watakaosema ni kichocho tu. Sawa, lakini kichocho cha mkojo kikikaa miaka bila kutibiwa nacho huleta kansa; wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikiweka kwenye orodha ya visababishi mwaka 1994. Sigara ndiyo inaongoza duniani.

Rufaa ikampeleka Mbeya, kisha Dar, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Wakaingiza kamera kupitia njia ya mkojo (anasema hapo ndipo alipokumbuka sala zote), wakaona kinyama, wakakikwangua kwa njia hiyohiyo bila kupasua tumbo. Maabara ikasema ni kansa, tena ya aina kali, ila iko kwenye utando wa ndani tu, haijagusa msuli wa kibofu.

Kikao cha ukoo kikawaka moto. Mkewe anasema si wameshakwangua, turudi nyumbani. Babu mmoja ana mganga wake. Binamu yangu anataka kibofu chote kitolewe, yaishe.

Binamu hana wazimu. Kansa ikishaingia kwenye msuli, kukitoa chote ndiyo njia kubwa, na mionzi ipo kwa baadhi ya watu. Hata ile ya kichocho mara nyingi huishia kukatwa. Lakini ukikatwa, mkojo unapitia tumboni kwenye mfuko, au watengeneze kibofu kingine kwa utumbo wako mwenyewe. Mwanaume anaondolewa na tezi dume, na nguvu za kiume mara nyingi zinayumba. Mjomba aliposikia hilo la mwisho, akaomba maji ya kunywa.

Daktari akaleta njia nyingine, BCG. Ndiyo, hiyohiyo ya kovu la bega la kulia tuliyochanjwa utotoni dhidi ya kifua kikuu! Mwaka 1976 daktari mmoja wa Kanada alitangaza kwamba ukiimimina ndani ya kibofu, kinga ya mwili inaamka na kuishambulia kansa. Inaingizwa kwa mpira, mtu anabana mkojo kama saa mbili, mara moja kwa wiki kwa wiki 6. Baadaye kamera inarudi kukagua. Mkojo unachoma, unaweza kupata homa. Mwenye kifua kikuu au kinga iliyoshuka sana hapewi. Na msikimbilie kliniki ya watoto kuomba, dozi ni tofauti kabisa.

Ubaya wake ni kwamba kansa hii hupenda kurudi. Ukichagua kubaki na kibofu, umechagua na kamera, kila miezi mitatu mwanzoni, kwa miaka. Nauli ya Dar, malazi, siku bila kuendesha lori: hapo ndipo binamu alipotubana. Mimi nilikuwa upande wa BCG, lakini kwa sharti kwamba ikirudi, ubishi umekwisha, anakatwa. Kungoja tu, kama anavyotaka mkewe, hapana jamani. Kwa aina kali hiyo ni kucheza na moto.

Mwishowe aliamua mwenyewe. Wiki hii anamiminiwa dozi ya nne. Nauli tunachangishana, na binamu ndiye aliyetoa nyingi kuliko wote. Sigara anadai ameacha, ila mkewe bado anamnusa mashati.