Uraibu wa Mazoezi Hausifiwi

Mwaka 1976 daktari wa akili wa Marekani, William Glasser, alidai katika kitabu chake Positive Addiction kwamba kukimbia ni uraibu wenye faida, unaomwimarisha mtu. Dai tamu, ila limeruka ushahidi.

Tayari mwaka 1970 mtafiti Frederick Baekeland alikuwa ametafuta watu wa kuacha mazoezi kwa mwezi mmoja. Waliozoea kufanya mazoezi karibu kila siku walikataa, hata kwa pesa. Mwaka 1979 mtafiti mwingine, William Morgan, akaeleza wakimbiaji wasioacha licha ya majeraha, huku kazi na familia zikiumia.

Tafiti za baadaye zimeuhusisha ung'ang'anizi huo na hulka ya kutaka ukamilifu na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Basi mkufunzi wa jimu anayemshangilia mteja mwenye goti lililovimba amuulize kwanza: akikosa mazoezi siku mbili, huwaje?