Nguo za ‘mionzi’ na miguu ya mkimbiaji

Kama wewe ni kijana wa Mlali, Kongwa, unayeamka alfajiri kukimbia tangu Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, atwae dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, usishangae tangazo hili likikufikia kwenye simu: fulana, soksi au suruali ya kubana yenye “mionzi ya infraredi”, inayoongeza kasi na kumaliza maumivu ya misuli kwa usiku mmoja. Wauzaji wengine huongeza kwamba inatibu presha na kisukari. Kabla hujauza mbuzi, tuzungumze.

Mionzi hii si ile ya eksirei. Ni joto tu, lile unalolisikia ukisogeza kiganja karibu na mkaa bila kuugusa. Mwili wako hutoa joto la aina hiyo usiku na mchana. Watengenezaji huchanganya unga laini wa madini kwenye nyuzi za kitambaa, wakisema unapokea joto la mwili na kulirudisha kwenye misuli, mishipa ikatanuka, damu ikapita zaidi.

Lakini pamba, kitenge, hata blanketi lako la zamani, vyote hupokea joto na kulirudisha. Nguo hiyo haina betri, kwa hiyo haiwezi kukupa joto kuliko ililolipokea kwako. La kuuliza ni kama inaizidi fulana ya kawaida kiasi cha misuli kuona tofauti.

Mwaka 2017 kampuni ya Under Armour ilitoa nguo za kulalia za aina hii, zikinadiwa na Tom Brady, nyota wa mpira wa Kimarekani. Mwaka huohuo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziweka bidhaa zenye nyuzi za Celliant katika kundi la vifaa vya ustawi wa jumla, kwa dai la kuongeza mtiririko wa damu kwa muda, pale zinapovaliwa, kwa mtu mwenye afya. Soma tena maneno hayo. Kasi haimo, kisukari hakimo.

Tafiti zilizopo nyingi zilitumia watu wachache, na majibu yake yanapingana. Wapo waliosikia maumivu yamepungua kidogo baada ya mazoezi. Kwenye kasi, sijaona ushahidi wa kukufanya ufungue pochi. Na tuseme ukweli, aliyelipa pesa nyingi hupenda kuona nafuu.

Tena kwa jua la Kongwa, shida ya mkimbiaji ni kupoteza joto. Jasho linatakiwa likauke, na nguo nzito ya kubana hulizuia. Pesa hiyo inunue raba nzuri. Misuli hujijenga kwa usingizi wa saa saba hadi tisa, maji, ugali na maharage, karanga, na siku ya kupumzika ambayo vijana wengi hawaitaki.

Anayedai nguo yake inatibu ugonjwa, muulize usajili wa TMDA. Mwenye kisukari asiache dawa kwa ajili ya soksi, na kama nyayo zimekufa ganzi, soksi ya kubana inaweza kumchubua asijue.

Wewe mkimbiaji, maumivu ya misuli ya kawaida hupungua ndani ya siku chache. Yakibaki sehemu moja juu ya mfupa, yakazidi kila ukikimbia, simamisha mazoezi uende hospitali. Huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa.