Njia inaishia mlangoni kwetu
Njia ya baiskeli inayosifiwa kuliko zote kando ya Ziwa Kivu inaishia mlangoni kwetu, na wengi hapa Bukavu hawana habari nayo. Njia hiyo, Congo Nile Trail, huanzia Rubavu nchini Rwanda, jirani na Goma, ikazunguka kilomita 227 za vilima, migomba na kahawa hadi Kamembe, hapo ng'ambo ya Mto Ruzizi. Sehemu kubwa ni udongo mtupu, na mwendeshaji hupishana na mbuzi na watoto wa shule zaidi kuliko magari. Sisi tuna ziwa lile lile, na mlima Kahuzi wa mita 3,308 ukitutazama mgongoni. Tulichokosa ni upenyo. Pale Place de l'Indépendance motari, basi na mama mwenye beseni la sambaza kichwani wanagombania kipande kimoja cha lami. Atakayejitosa hapo na baiskeli aage kwanza nyumbani. Tusisingizie milima: Kigali nako ni milima, na tangu 2016 hufunga baadhi ya barabara Jumapili asubuhi ili watu wakimbie na kuendesha, Septemba 2025 ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza Afrika. Najua, tangu waasi wa M23 waingie mjini kwetu Februari 2025, wengi hawana moyo wa matembezi. Lakini asubuhi moja bila magari kwenye barabara ya Lumumba haitaki mfadhili. Inataka kamba mbili, na walinzi wasioomba madesu.